Kanga Iliyotandikwa Barabarani

Hapa kisiwani kwetu Utende ukitaka kuozesha, hupangi mwenyewe. Unamwendea wifi yangu Mwanasiti. Atakaa mkekani, atanyoosha miguu, atakuuliza bwana harusi anatoka wapi na watu wake ni wangapi, kisha atakwambia nani apande gari la mbele, nani abebe sinia, na nani asipewe kipaza sauti kwa sababu ya mdomo wake. Mimi nimenyimwa kipaza sauti mara tatu. Nalisema hili mapema ili mjue kwamba sina kinyongo naye. Mwanasiti ni mjane wa kaka yangu, tumelima mwani pamoja miaka kumi na minane, na nikimsema namsema kama wifi anavyomsema wifi yake.

Kwa mambo ya watu ana akili nyingi. Kwa mwanawe wa kumzaa, akili hizo zilimruka.

Mwanawe ni Abeid, anafua mashuka kwenye hoteli moja ya wageni hapa pwani. Alipofika miaka kumi na saba alianza kukimbia. Kila siku baada ya sala ya alfajiri anatoka Utende mpaka Kilindoni na kurudi, karibu kilomita thelathini, kisha ndiyo aende kwenye mashuka yake. Kwetu mtu akionekana anakimbia barabarani, watu huuliza nani kafa. Wanawake wakaanza kumcheka mama yake kule kwenye mwani. "Mbio za sakafuni huishia ukingoni," wakasema, na Mwanasiti, ambaye hapendi kuchekwa, akaona heri aongoze yeye kucheka. Siku moja tulipungukiwa na vikamba vya kufungia mbegu. Akaenda nyumbani, akachomoa kamba za viatu vya Abeid, viatu alivyopewa na mgeni mmoja wa hoteli, akazikatakata, tukafungia mwani. Haikutosha. Kwenye arusi ya jirani akalisimulia jambo hilo mbele ya wanawake wote, akaigiza jinsi mtoto alivyozitafuta uvunguni. Tulicheka mpaka tukatoka machozi. Na mimi nilicheka, sijitoi.

Abeid hakusema neno. Alichana shuka kuukuu, akafungia viatu, kesho yake akakimbia kama kawaida. Ule ukimya ndio uliomwingia Mwanasiti mwilini pole pole. Mtoto angegomba, yangekwisha. Hakugomba, na mama yake akabaki nalo kama mwiba uliokatikia ndani.

Mwaka jana ndipo jirani yetu Mwalimu Devotha, mtu wa bara anayefundisha hapa shuleni, alipokuja kutueleza kwamba Abeid amejiandikisha kwenye mbio ndefu za jijini Dar es Salaam. Angekimbia nusu, kilomita ishirini na moja, upande wa vijana walio chini ya miaka ishirini. Watatu wa mwanzo upande huo wangechukuliwa kwenye kambi ya wakimbiaji Arusha, mwaka mzima, kula, kulala na kufundishwa. Abeid alikuwa na miaka kumi na tisa. Mwaka unaofuata asingeruhusiwa tena.

Mwanasiti alisikiliza, akakunja mkeka upande mmoja, akasema, "Basi na sisi tunakwenda. Mwalimu, kaa hapa unambie mtu anatazamaje mbio."

Nimemwona akipanga arusi nyingi, lakini vile sijapata kumwona. Kitu cha kwanza alichokitafuta ni hali ya maji. Alihesabu kwa vidole akaona Jumapili ile itaangukia maji mafu, bahari haitakupwa vya kutosha mtu kushuka kwenye mwani, kwa hiyo hatutapoteza kazi. Akapanga tuondoke Ijumaa kwa boti ya Kilindoni, tushukie Nyamisati, tulale Mbagala kwa Warda, binti yake mkubwa. Jumamosi tusifanye kitu ila kwenda kuiona njia yenyewe, kwa kuwa, alisema, humpeleki bibi harusi kwenye nyumba usiyoijua mlango. Jumapili tuamke saa tisa usiku, tuchukue tende, maji na kofia, tufike kabla barabara hazijafungwa.

Mwalimu Devotha alikuwa anamsomea maelekezo ya watazamaji kwenye simu. Chagueni sehemu mbili mtakazomwona mkimbiaji wenu, mwambieni mtasimama upande gani. Vaeni kitu atakachokitambua kwa mbali. Jueni atapita saa ngapi. Hilo la mwisho Mwanasiti alikuwa nalo tayari, na ndipo nilipogundua kwamba kwa wiki tatu alikuwa akitoka alfajiri kwenda kujibanza nyuma ya ukuta wa ofisi za Hifadhi ya Bahari, simu mkononi, akimhesabia mwanawe dakika bila mwenyewe kujua. Nilitaka kumtania, nikamwangalia usoni, nikaacha.

Sehemu ya kwanza akachagua mwanzo wa Daraja la Tanzanite, kilomita ya tano, ili Abeid atuone na ajue tumefika. Ya pili ikawa karibu na mwisho, mahali ambapo akishapita anabakiza kama kutoka msikitini kwetu mpaka pwani. Njia ilizunguka na kurudi, kwa hiyo tungetembea kidogo tu kutoka ya kwanza kwenda ya pili.

Kisha ikaja kanga. Tulikwenda Kilindoni maduka matatu. Alipindua doti moja moja, hatazami rangi wala maua, anasoma maneno tu, mpaka muuzaji akaanza kukohoa. Nilielewa anatafuta nini. Kwetu mama hampigii mtoto magoti. Akimkosea, atampikia kitu anachokipenda, au atavaa kanga yenye maneno, mtoto ayasome mwenyewe na jambo liishe bila mtu kufungua kinywa. Duka la tatu akaipata, nyekundu yenye pindo nyeupe: SIKUJUA THAMANI YAKO NISAMEHE. Akainunua doti nzima, vipande viwili vinavyofanana, akaniambia, "Tutamtandikia."

Bibi harusi akifika kwa mumewe tunamtandikia kanga apite juu yake, mguu usiguse mchanga. Aliyerudi Hija tunamtandikia. Ni heshima kubwa tuliyo nayo wanawake wa hapa, na hatuna nyingine inayoizidi. Mwalimu Devotha alipofika mahali pasemapo watazamaji wasiingie njiani wala wasiweke kitu chochote njiani, Mwanasiti alimkatiza.

"Kanga haizuii njia, Mwalimu. Kanga ndiyo njia yenyewe."

Mwalimu alicheka, akadhani ni msemo wetu tu, akaendelea kusoma. Mimi nilijua si msemo. Nilinyamaza, kwa kuwa niliona ni jambo zuri, na mpaka leo nikikumbuka jinsi nilivyoliona zuri, uso unaniwaka.

Jumapili ilikwenda kama alivyoipanga. Saa moja kasoro Abeid alipita darajani katikati ya kundi kubwa la watu, namba ya njano kifuani, maana vijana wote walivaa za njano. Mwanasiti alipunga zile kanga juu ya kichwa na kupiga vigelegele mpaka Wahindi wawili waliosimama karibu nasi wakapiga makofi. Abeid alitazama upande wetu. Alicheka. Miaka miwili sikuwa nimemwona akimchekea mama yake vile, na Mwanasiti alinishika mkono, akanifinya sana.

Tukaenda sehemu ya pili. Barabara pale ilikuwa imelowa, maana meza ya maji ilikuwa jirani na kila mkimbiaji alijimwagia kichwani. Kijana wa kusimamia upande wetu alikuwa amekwenda kuokota chupa. Wakubwa wakapita kwanza. Ikapita namba ya njano moja. Ikapita ya pili. Kisha Mwanasiti akamwona mwanawe kwenye kona.

"Shika huku, wifi!"

Tukaingia barabarani, tukatandika zile kanga mbili moja mbele ya nyingine, maneno yakimwelekea anayekuja. Tukarudi pembeni, kila mmoja kashika ncha upepo usizipeperushe.

Mbele ya Abeid, kama hatua kumi, kulikuwa na kijana mwingine mwenye namba ya njano. Mwanasiti anaapa kwamba hakumwona, na ninamwamini, kwa sababu macho yake siku ile yalikuwa na mtu mmoja tu. Mimi nilimwona. Nilimwona sawasawa, mrefu, mwembamba, kaptula ya buluu, kichwa kakitupa nyuma kwa uchovu, hatazami chini. Nilikuwa na nafasi ya kuvuta ncha yangu, na sikuvuta. Nimejiuliza mara nyingi kama mkono ulichelewa, au moyo ulikuwa umekwisha kuhesabu: wa kwanza, wa pili, huyu wa tatu, na wetu ni wa nne. Jibu ninalolipata silipendi.

Akaikanyaga. Kanga ikateleza kwenye maji pamoja na mguu wake, akaenda chini kwa goti na viganja. Abeid akafika, akaruka, akapita. Yote hayo yalikwisha kabla sijavuta pumzi.

Mtu mwenye imani angekwenda kumwinua mtoto wa mwenziwe. Sisi tulivuta kanga zetu. Mwanasiti alizikunja haraka haraka, akazisukumia ndani ya kikapu chini ya tende, akafunika na kofia. Yule kijana aliinuka mwenyewe, akatazama chini kana kwamba anatafuta alichojikwaa, hakuona kitu ila maji, akaondoka anachechemea. Alimaliza wa nne. Abeid alikuwa wa tatu.

Tuliwakuta mwishoni, kwenye kivuli cha mahema. Abeid alikuwa na medali shingoni, na yule kijana kasimama karibu naye, goti limefungwa bandeji. Alikuwa wa kwanza kutusalimu. "Shikamooni, mama zangu," akasema, kwa lafudhi ya bara, na akatuambia jina lake ni Gerson, katoka Singida. Nilimsikia Mwanasiti akiitafuta marahaba kooni asiione. Nikaitikia mimi kwa niaba ya wote wawili. Gerson akamshika Abeid bega, akampa hongera, akamwomba namba ya simu, akasema wakimbiaji wasipotezane. Hakuna mtu aliyenitukana katika maisha yangu akaniumiza kama salamu ile.

Njia nzima ya kurudi, mimi na wifi yangu hatukulitaja. Tulizungumza habari za boti, za Warda, za bei ya mchele Mbagala. Kilindoni tulikuta watu wanatusubiri na ngoma. Wale wale waliosema mbio za sakafuni ndio waliomkumbatia Mwanasiti. "Dua ya mama hiyo!" wakamwambia. "Mama kamsimamia mwanawe!" Kila neno nililiona likimshukia kama kofi, naye anainamisha kichwa, na wao wanadhani ni unyenyekevu. Wakamtaka apange shughuli ya kumpongeza Abeid. Akasema kichwa kinamuuma. Kikamuuma wiki nzima. Kisha akaja mtu na arusi ya binti yake, akamwambia amtafute mwingine, yeye hapangi tena. Watu wakasema kaanza kuringa. Nilitaka kuwajibu, lakini ningewajibu nini bila kujifunua na mimi?

Kanga zile alizifua mara tatu. Siku ya kwanza nilimkuta nyuma ya nyumba anasugua palipokuwa na alama ya damu, na alama yenyewe ilikuwa imekwisha kutoka zamani.

Na Abeid aliacha kukimbia. Mwanzoni tulidhani anapumzika. Zikapita wiki tatu, zikabaki siku kumi aondoke kwenda kambini, na alfajiri akirudi msikitini analala tena. Medali kaitia kwenye sanduku la nguo. Watu wakimsifu anasema "Inshallah" na kubadilisha maneno. Simu yake ilikuwa ikilia ujumbe, anautazama, anaigeuza kifudifudi.

Jumatano moja tulikuwa tunaanika mwani kwenye chanja, mimi na Mwanasiti, na Abeid akatuletea maji. Mama yake alimtazama anavyoburuza miguu. Nikaona anaacha kazi, anafuta mikono kwenye kanga yake.

"Mbona siku hizi hukimbii?"

"Nimechoka, mama."

"Umechoka na nini? Watu wa kambi wanakungoja."

Mwanasiti akanitazama mimi, nikajua anachotaka kusema. Moyo wangu ukamwomba asiseme, kisha ukamwomba aseme.

"Yule kijana hakuanguka tu, mwanangu. Nilitandika kanga. Nilitaka kukupa heshima mbele za watu, kwa yale niliyokufanyia. Yeye ndiye akaikanyaga. Hiyo nafasi ya Arusha nimeiiba mimi kwa ajili yako, wewe huna kosa. Mimi ndiye mwenye aibu."

"Na mimi nilishika ncha ya pili," nikasema. Sauti yangu sikuijua.

Abeid aliiweka ndoo chini.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Niliwaona, mama. Weye na shangazi. Niliziona kanga toka kwenye kona, zile zile mlizonipungia darajani. Nilimwona anakanyaga, nikamruka." Alikuwa anatazama mwani, hatutazami sisi. "Nilikuwa nimekwisha. Yule nisingempata hata tungekimbia mpaka jioni. Alipoanguka mimi nikasema alhamdulillahi. Nilimruka mtu yuko chini, na nikamshukuru Mungu."

Mwanasiti alikaa chini pale pale kwenye mchanga. Wiki zote zile alikuwa akimficha mwanawe asijue ushindi umetoka wapi, na mwanawe alikuwa akimficha yeye asijue ameupokea vipi. Mimi nilikuwa nawaficha wote wawili. Watu watatu wa nyumba moja tulikuwa tunakula sinia moja, na hakuna aliyeweza kumtazama mwenziwe.

"Uliyasoma maneno?" Mwanasiti akauliza.

"Sikuyasoma. Yalisemaje?"

Ilimbidi ayaseme kwa mdomo wake. Aliyasema chini chini, neno moja moja, na alipofika kwenye nisamehe Abeid alichuchumaa mbele yake, akamshika mikono yenye chumvi, akasema, "Usiseme hivyo, mama." Wakakaa hivyo. Nikageuza mwani ambao haukuhitaji kugeuzwa.

Kisha Mwanasiti akauliza zile meseji zinatoka kwa nani.

Zilikuwa za Gerson. Nne. Ya kwanza inamuuliza Abeid kama amefika salama kisiwani. Ya pili inampa hongera tena. Ya tatu inamuuliza kama ana viatu vya baridi, kwa kuwa Arusha asubuhi ni baridi na mtu wa pwani anaweza asijue. Ya nne ilikuwa inauliza tu, "Kaka, upo?" Abeid hakuijibu hata moja.

"Mpigie," Mwanasiti akasema.

"Nitamwambia nini?"

"Huna la kumwambia wewe. Mpigie, unipe mimi."

Abeid alipiga, akaweka sauti ya nje. Ililia mara mbili tu.

"Abeid! Nilidhani umeshafika kambini ukanisahau!"

Mama yake akaichukua simu.

"Mimi ni mama yake, mwanangu."

"Aa, mama! Shikamoo."

"Marahaba. Hujambo? Goti limepona?"

"Limepona kabisa, mama, Mungu ni mwema. Lakini mwalimu wangu alinigombeza sana. Alisema mwisho ule nilikuwa siinui miguu, ndiyo maana nilianguka mwenyewe barabara ikiwa tupu. Na ni kweli, nilikuwa mzembe. Sasa nimerudi kulima na baba. Mtu anayeanguka mwenyewe hawezi kuwa mkimbiaji."

Mwanasiti aliiondoa simu sikioni, ingawa ilikuwa imewekwa sauti ya nje na hapakuwa na haja ya kuiweka sikioni. Akairudisha.

"Hukuwa mzembe, baba. Hukuanguka mwenyewe. Ni ile kanga yangu."

Nyuma ya Gerson tulisikia mbuzi, na mtu anamwita kwa mbali.

"Kanga gani, mama?"

Abeid alikuwa amejifunika uso kwa viganja. Mimi nilitazama chini. Ikambidi Mwanasiti aanze mwanzo, kwenye zile kamba za viatu, amsimulie mtoto wa watu yote kwa mdomo wake mwenyewe.